Mama Yangu Aliitwa Yaya Unguja

Tulioondoka Mlandege ya Iringa tulikuwa watatu. Baba yangu, Omari bin Shaha, aliyekuwa na duka la nguo karibu na soko. Mama yangu, Sekalinga wa Kihesa, ambaye siku ya kufunga ndoa alisilimu akapewa jina la Mariamu, ingawa hakuna jirani aliyemwita hivyo ila baba. Na mimi, mtoto wao wa pekee, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Waliotupokea Unguja walikuwa watatu vilevile. Bi Zuhura, mama mzazi wa baba. Shangazi Salama, dada yake mkubwa, mjane, ndiye aliyeshika funguo za nyumba. Na Rukia, binti wa mjomba wake baba, aliyelelewa na Bi Zuhura tangu alipofiwa na mama yake. Katika sita hao niliyebaki ni mimi. Nimewaandika hapa mwanzo ili nikifika katikati ya maneno nisianze tena kuwatafuta.

Jambo lenyewe limeamshwa na karafuu. Mjukuu wangu Tumaini alikwenda kutembea Unguja na wenzake wa kazini, akarudi na picha zimejaa kwenye simu na mfuko wa karafuu wa kunizawadia. Akasema huko ni kuzuri sana, siku moja atanipeleka. Nikamwambia nilikwishafika. Akacheka, akidhani bibi yake anatania kama kawaida. Basi nikamtajia: saa ya Beit al-Ajaib, bustani ya Forodhani, soko la Darajani, kobe wa makumbusho ya Mnazi Mmoja. Akanitazama, akasema, "Na miaka yote hii hujatuambia." Hakuwa na ubaya. Akaufungua ule mfuko ninuse, nami nikainuka nikaenda kukaa nje kwenye baridi.

Ninyi wa umri wangu mliokulia Iringa mnakumbuka safari ilivyokuwa wakati ule. Basi likishuka mlima wa Kitonga watu wazima wanasoma dua na watoto wanatapika. Morogoro tukapanda treni, Dar es Salaam tukapanda meli. Mama njia nzima alipakata kikapu cha nyasi za milulu alichokisuka mwenyewe masika yote, kina mistari ya zambarau, na mfuniko wake umebana hata sisimizi hapiti. Kwetu mke hamwendei mama mkwe na kitu cha dukani. Lazima kiwe kimepita mikononi mwako, ili yule mama akikishika ajue mikono iliyomlisha mwanawe ikoje. Mama hakuwahi kumwona Bi Zuhura. Miaka yote ya ndoa alikuwa akiuliza lini atapelekwa akajulikane, na baba alikuwa na jibu jipya kila mwaka. Safari hii alipoambiwa ajiandae, alikwenda Kihesa kuwaaga ndugu zake wote, nyumba kwa nyumba, kama bibi harusi.

Ndani ya meli ndipo baba alipolisema. Nilikuwa nimelala juu ya mapaja ya mama, wakadhani sisikii. Baba alisema moyo wa mama yake si mzima, akiingiziwa mke nyumbani kwa ghafla atapata mshtuko, apewe siku tatu tu atafute wakati mzuri wa kumwambia. Mama akauliza, siku hizo tatu yeye atakuwa nani.

"Yaya wa mtoto," baba akasema, akitazama maji.

Nilikuwa nasikia tumbo la mama likipanda na kushuka chini ya kichwa changu. Halafu akasema kwa Kihehe kwamba siku tatu anaweza, hata kuugua mtu huugua siku tatu.

Nilipoinuka baba alinichukua pembeni akanieleza kwamba tutacheza mchezo. Mama ataitwa yaya, na mimi nitamwita hivyo mbele ya watu, mpaka yeye baba aseme mchezo umekwisha. Atakayetoboa kabla ya hapo ameshindwa. Nikafurahi. Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba ukikaribia kisiwa kile kila mtu hugeuka kitu kingine. Baba mwenyewe alikuwa amevua suruali na kuvaa kanzu, na hata maneno yake yalikuwa yamelainika, akisema "miye" badala ya "mimi." Nikaona ni zamu ya mama kugeuka.

Mji ule sijaupata tena maishani. Mtu wa Iringa amezoea nyumba zilizoachana, na ukungu, na mbuzi wa jirani unayemjua kwa jina. Kule nyumba zilikuwa ndefu zimesogeleana mpaka mbingu inabaki utepe, na chini yake watu wanapita wamejaa kama siku ya gulio, ila gulio lenyewe haliishi. Baiskeli zinapiga kengele, wauza kahawa wanagonganisha vikombe, Wahindi, Waarabu, Wangazija, wachukuzi wanaimba na magunia kichwani. Milango ilikuwa na misumari mikubwa ya shaba imetokeza nje, nikamwuliza baba kama huku chui ni wengi. Na kwenye sakafu za wazi nikaona wameanika misumari mingine, midogo, myeusi, kwa maelfu, wazee wameinama wanaichambua. Nilidhani ndiyo mbegu ya ile mikubwa. Zilikuwa karafuu. Shangazi Salama alicheka nilipomwambia hivyo, akawasimulia wageni kwa wiki nzima.

Nyumba ya Bi Zuhura ilikuwa ya ghorofa, mtaa wa Malindi. Tulipoingia, mama alifanya kama alivyofunzwa kwao. Aliacha viatu mlangoni, akapiga magoti mbali kidogo, akainamisha uso, akatoa kikapu kwa mikono miwili. Mke hufanya hivyo kwa mama mkwe wake, naye alikuwa akifanya kweli, si mchezo. Alikuwa ameingoja siku ile. Bi Zuhura alimtazama, akakitazama kikapu, kisha akasema kumwambia baba, "Huyu yaya umempata wapi? Wa hapa kwetu siku hizi hata kuitika 'labeka' wanaona tabu."

Wakacheka. Baba naye akacheka. Kikapu akakipokea Shangazi Salama kwa mkono mmoja, na kesho yake nikakiona uani kimetiwa makaa.

Hapo ndipo penye uchungu ambao nilipokuwa mtoto sikuuona. Kila mama alivyozidi kumtunzia Bi Zuhura heshima ya mkwe, ndivyo alivyozidi kufanana na mtumishi. Akimnawisha mikono, anapiga magoti. Akimpa kikombe, anapiga magoti. Hakai alipokaa yeye, hali mbele yake, hainui sauti. Wageni wakija wanamsifu. Bi mmoja jirani, Mwanakhamisi, alimwuliza baba kama huko bara hawezi kumpatia na yeye wa namna hiyo, ila awe kijana kidogo. Baba akajibu kwamba wa namna hiyo ni adimu. Nadhani alidhani anamsifu mama.

Mimi nilikuwa natembezwa. Rukia ndiye aliyenitembeza, na lazima niseme kweli, Rukia alikuwa mwema. Alikuwa na mikono laini inayonukia asumini, alinisuka nywele mtindo wa kule, akanishonea gauni la maua. Kila alasiri tulitoka. Tulikwenda Beit al-Ajaib kuitazama ile saa kubwa iliyosoma saa zetu, saa moja kweli ni saa moja, si kama za ofisini kwetu. Tulikwenda Forodhani bendi ikipiga, askari weupe kwa mavazi, matarumbeta yanametameta, tukanunua barafu iliyotiwa sharubati nyekundu ikanipaka midomo. Niliona gari jekundu la Sultani likipita na watu wamesimama wameweka mikono kifuani. Darajani nilionja vitu ambavyo mpaka leo sijui majina yake. Mama alikuja nyuma yetu, hatua tano au sita, amebeba mfuko wa vitu vyangu na mwavuli wa Rukia.

Siku moja pale Forodhani nilijikwaa nikachubuka goti. Mama akatupa kila kitu akanikimbilia. Watu walikuwa wengi, mabinti wa shule wamekaa ukutani wanatutazama, na kanga ya mama ilikuwa imechakaa. Nikasema, "Yaya, niache, Dada Rukia yupo." Na mchezo haukunitaka niseme hivyo. Kumwita yaya, sawa, lakini "niache" nililitoa mwenyewe. Mama akaniacha. Akarudi kuokota mwavuli.

Siku tatu zilipita, zikawa sita, zikawa kumi. Asubuhi akiniogesha uani mama alikuwa akiniuliza, kwa Kihehe na kwa sauti ya chini, baba yako amekuambia mchezo umekwisha? Namjibu bado. Siku moja akauliza kama mchezo wenyewe naupenda. Nikasema naupenda sana, nataka usiishe, kwa sababu ukiisha tutarudi Iringa kwenye baridi. Aliendelea kunimwagia maji.

Nilichokuwa sikijui, na mama hakukijua, ni kwamba baba alikuwa amewaandikia zamani kwamba mwanamke aliyenizaa ameshaachana naye. Nao wakamjibu basi alete mtoto alelewe kwao, naye aje amwoe Rukia, ambaye alikuwa amewekwa kwa ajili yake tangu utotoni. Sisi tulidhani tunakwenda kujulikana. Kumbe tunakwenda harusini.

Ikawa alasiri moja, wageni wanawake wamejaa ukumbi wa juu, wamekaa juu ya mikeka na mito. Mimi niko ubavuni mwa Bi Zuhura na gauni langu la maua. Baba aliitwa apande kidogo, maana kulikuwa na jambo la kupatana juu ya Ijumaa. Akakaa karibu na mlango. Mama akaingia na sinia la kahawa na halua, akapiga magoti, akaanza kumimina. Bi Zuhura alikuwa anasema nikahi itakuwa baada ya sala ya Ijumaa, na wanja na hina za Rukia zianze Jumatano. Kahawa ikajaa kikombe ikamwagikia sinia. Mama akaweka birika chini.

Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, cha kukata, na mle ndani kilisikika kama mtu anayepasua kuni. "Mama," akamwambia Bi Zuhura, "mimi siyo yaya. Mimi mke wa Omari. Alinioa Mlandege, shehe alikuweko, kaka zangu walikuweko. Na mtoto huyu mimi ndiye nimemzaa."

Bi Mwanakhamisi alikuwa na kipande cha halua mkononi, kikabaki hewani. Bi Zuhura akageuza kichwa polepole.

"Omari. Yaya wako anasema nini?"

Baba akasema, "Amechoka na joto, mama. Watu wa bara joto huwapanda kichwani."

Mama hakumtazama baba. Alikuwa bado amepiga magoti, na sasa alikuwa ananitazama mimi. Mimi nami nilikuwa na hofu moja tu, kwamba mama ameshindwa. Ametoboa kabla ya wakati, mbele ya watu wote, na baba hajasema mchezo umekwisha. Nikaona aibu kwa ajili yake, na moyoni, Mungu anisamehe, nikaona pia raha kidogo kwamba mimi bado sijashindwa.

Bi Zuhura akaniwekea mkono kichwani. Mkono wenyewe ulikuwa mwepesi sana. "Haya, mjukuu wangu," akasema, "wewe ni mtoto, huna uongo. Huyu nani?"

Nikamtazama baba. Baba alikuwa anatazama mkeka.

"Yaya," nikasema.

Nikangoja baba anipigie makofi. Sikupigiwa. Ukumbi mzima ulipumua, ndivyo nilivyousikia, kama watu waliotuliwa mzigo, na Shangazi Salama akasema, "Haya, mmesikia." Mama akainuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amesimama mbele ya Bi Zuhura, na nilishangaa alivyokuwa mrefu. Akajifunga kanga vizuri. Akashuka ngazi, na sinia akaliacha pale pale, na nadhani hilo la sinia ndilo lililowaudhi kuliko yote, maana walilizungumza hadi magharibi.

Kesho yake Rukia akaniambia leo tunakwenda kuona kobe. Nilikuwa nimewalilia kobe hao tangu siku ya kwanza. Walikuwa kwenye uwanja wa makumbusho kule Mnazi Mmoja, wakubwa kama mawe ya kusagia mawili yaliyobebana, wazee, shingo zimekunjamana. Mlinzi akanipakia juu ya mmoja. Tulikuwa tunakwenda hatua kwa hatua, nacheka, Rukia amenishika kiuno, ndipo honi ya meli ikalia kutoka bandarini, ndefu, mara mbili. Nikamwuliza Rukia meli ile inakwenda wapi.

"Inakwenda bara," akasema. "Kaa vizuri, utaanguka."

Niliporudi nyumbani nikamtafuta mama uani, jikoni, chumba cha chini alikokuwa akilala. Nikamwambia baba mchezo sasa basi, sitaki tena. Akasema mchezo umekwisha, ndiyo. Hicho ndicho kibali nilichokuwa nakingoja, nami nikaanza kuita "mama" nyumba nzima, juu na chini, mpaka Shangazi Salama akanifungia chumbani.

Nilikaa Unguja hadi Rukia alipojifungua mwanawe wa kwanza. Hapo nilianza kuwa mtoto wa ziada. Baba akaja kufunga duka lake la Mlandege, akanileta, akanikabidhi kwa kaka yake mama, mjomba Kalinga, hapo dukani penye rafu tupu, akaondoka bila kupanda Kihesa. Nilimkuta mama shambani anapalilia mahindi. Nilipiga magoti kwenye udongo nikasema, "Kamwene, mama." Akaitika "kamwene," kama unavyomwitikia mtu yeyote anayepita njiani, akanionyesha jembe la pili lilipo.

Sitaki mseme mama yangu alikuwa mkali. Hakunichapa hata siku moja. Alinilisha, alinivisha, alinipeleka shule madarasa yale machache, alinioza kwa heshima, wanangu aliwabeba mgongoni wote. Lakini hakunitaja kuwa mwanawe. Watu wakimwuliza huyu binti ni wako, alisema, "Anakaa hapa." Na nikimnawisha mikono nimepiga magoti, alikuwa ananiambia simama, simama, mimi siyo mtu wa kupigiwa magoti.

Miaka mingi baadaye Rukia alihamia Dar es Salaam, nikaenda kumwona, baba alikuwa ameshazikwa. Alikuwa mzee mwenzangu sasa, macho yameingia ukungu. Nikamwuliza jambo lililokuwa likinikaba, kama Bi Zuhura alimwamini baba kweli. Akacheka kidogo, cheko kavu. Alisema Bi Zuhura alijua tangu mlangoni, siku ya kikapu. "Mtumishi akipiga magoti hutazama sinia," akaniambia. "Yule alificha uso. Mkwe tu ndiye huona haya hivyo. Alijua, na miye nilijua." Nikamwuliza sasa kwa nini Bi Zuhura alinihoji mimi. Akasema palitakiwa mtu wa kulisema lile neno, na katika wakubwa wote hakuna aliyetaka liwe shingoni mwake.

Mama alifia hospitalini, Iringa. Siku mbili kabla, nilimpelekea uji, muuguzi kijana akamwinamia akamwuliza kwa upole, nadhani apime kama akili bado ipo. "Bibi, huyu aliyekuja ni nani wako?"

Mama alinitazama. Macho yake yalikuwa mazima kabisa.

"Mwulize yeye," akasema. "Yeye ndiye husema."

Nikasema ni mama yangu, mimi ni mwanawe wa kumzaa. Muuguzi akaandika kwenye karatasi yake. Mama alikuwa ameshageukia ukutani, na sijui mpaka leo kama alisikia.

Ndivyo nikumbukavyo. Inawezekana nyumba haikuwa Malindi, ilikuwa mtaa wa pili. Inawezekana yule jirani mwenye halua hakuwa Mwanakhamisi. Kama wapo watoto wa Rukia, au watu wa Mlandege waliomjua baba, au mtu yeyote aliyesimuliwa na mama yake habari za alasiri ile, wanisahihishe popote nilipokosea. Na kama yupo anayejua kwamba nilipoulizwa nilinyamaza tu, au nilijibu jingine, huyo asingoje kuandika barua. Aje kwangu Kihesa aniambie uso kwa uso, nami nitamsadiki.